Miguu ya mtoto wa duma inapinda: tatizo ni nini, na ufanye nini

*"Salaam alaikum daktari. Mimi ni mtu wa Pwani, nafanya udereva huku Ghuba. Miezi miwili iliyopita tajiri wangu alileta mtoto wa duma, jike, akaambiwa ana miezi miwili. Nimeachiwa mimi nimlishe, eti kwa sababu sisi wa Afrika tumezoea wanyama. Tunampa kidari cha kuku kilichochemshwa na maziwa ya ng'ombe. Anakula vizuri, lakini miguu ya mbele imeanza kupinda, anapenda kulala tu, na jana nilipomnyanyua alilia akanikwaruza mkono. Tajiri anataka nimnunulie dawa ya kalsiamu, na rafiki yake amemshauri ang'olewe kucha. Anasema wazee wao walifuga duma tangu zamani, hana hatari kama simba, porini angekufa tu, na akimpatia dume watazaliana, kwa hiyo anasaidia wasitoweke. Nimpe dawa gani? Na anaweza kukaa na watoto wa nyumba hii? Naogopa kusema mengi, kazi yangu iko mikononi mwake."*

Waalaikum salaam, mdogo wangu. Umeuliza kuhusu dawa, lakini ndani ya swali lako mna mnyama mgonjwa, mna watoto wa watu, na umo wewe uliyebebeshwa mzigo usio wako. Nitayagusa yote.

Kwanza mkono wako. Kama mkwaruzo ule ulitoboa ngozi, hata kidogo, uoshe vizuri kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo leo. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni mnyama wa porini, hujui alikotoka wala kama amewahi kuchanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi humkinga mtu. Daktari ataangalia pia suala la pepopunda, na kama kidonda kinahitaji dawa ya kuua bakteria. Usione haya, na usingoje ruhusa ya mtu kwa jambo hili.

Sasa miguu. Sijamwona wala sijaona picha ya mifupa yake, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kupinda kwa miguu ya mbele, kulala muda mwingi, kulia akiguswa, na chakula ulichokitaja, vyote vinanielekeza mahali pamoja: mifupa yake imekonda kwa kukosa kalsiamu. Ni aina ya matege inayowapata watoto wa jamii ya paka wanaolishwa mnofu mtupu. Huenda unajilaumu kwamba labda ulimwangusha au ulimshika vibaya. Hukumvunja wewe. Hata angelala kwenye godoro mchana kutwa, kwa chakula hicho mifupa ingeharibika vilevile.

Kilo moja ya kidari cha kuku ina takriban gramu mbili za fosforasi, na kalsiamu yake ni kama sehemu ya kumi ya gramu. Yaani fosforasi inaizidi kalsiamu karibu mara 20. Mtoto wa paka yeyote anayekua, wa nyumbani au wa porini, anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo. Mama duma anapomwua swala mdogo, watoto hawali mnofu peke yake. Wanatafuna gegedu na ncha laini za mbavu, wanalamba damu, wanakula maini na moyo. Kalsiamu yao imo kwenye mifupa ile midogo. Kwenye sahani unayomwekea wewe mfupa haupo kabisa, na ndiyo maana nasema anakula vizuri huku anakufa njaa ya kitu kimoja.

Kwa nini basi miguu ipinde? Kalsiamu si ya mifupa pekee. Moyo unaihitaji ili upige, misuli inaihitaji ili ikaze na kulegea, mishipa ya fahamu haifanyi kazi bila hiyo. Kwa hiyo mwili haukubali kiwango cha kalsiamu ndani ya damu kishuke. Shingoni, jirani na tezi ya koo, kuna vitezi vidogo sana ambavyo kazi yake ni kulinda kiwango hicho. Chakula kisipoleta kalsiamu, vitezi hivyo hutoa homoni inayoamrisha ichukuliwe kwenye mifupa. Ni sawa na fundi anayechomoa nondo kwenye nguzo za nyumba ili azitumie kwingine: nyumba itaendelea kusimama, na anayeitazama kutoka nje haoni kitu, mpaka siku uzito utakapoilemea. Mtoto wako anaongezeka uzito kila wiki huku nguzo zake zinanyonywa. Miguu ya mbele ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, kwa hiyo ndiyo inayoanza kupinda.

Kwenye picha ya eksirei ya mnyama mwenye afya, mfupa hutokea mweupe na kingo zake ziko wazi. Kwa watoto wa namna hii mfupa na nyama inayouzunguka hukaribiana rangi, kijivu kwa kijivu, na ukitazama kwa makini unaona mahali palipojikunja au kupasuka bila mtu wa nyumbani kujua. Alipolia ulipomnyanyua, huenda ulibana ubavu au mguu wenye ufa. Hakukukwaruza kwa ubaya, aliumia.

Maziwa hayatamwokoa. Najua tumelelewa kuamini maziwa ni mifupa. Maziwa ya ng'ombe yana kalsiamu, lakini yana fosforasi karibu kiasi kilekile, kwa hiyo hayawezi kuziba pengo linaloachwa na kuku. Juu ya hapo yana sukari ambayo tumbo la paka wengi haliimudu, na matokeo yake ni kuhara. Akiwa kweli ana miezi minne, umri wa kunyonya umekwisha. Mpe maji safi.

Na kuchemsha nako kuna hasara. Paka wote, mdogo na mkubwa, wanahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho miili yao haiwezi kukitengeneza cha kutosha. Kikikosekana kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hutanuka ukawa dhaifu. Moyo wa mnyama na nyama nyekundu vina taurini nyingi, kidari cha kuku kina kidogo, na ukikichemsha sehemu ya hicho kidogo humwagika na maji ya sufuria. Vitamini A nayo paka hawezi kuitengeneza kutokana na karoti kama tunavyofanya sisi, anahitaji kuipata tayari, hasa kwenye maini. Maini yenyewe ni kipande kidogo tu, kwa sababu yakizidi yanaharibu mifupa kwa njia nyingine.

Dawa ya kalsiamu ya duka la dawa, hasa ile ya maji ya watoto, usimpe kwa kukisia. Nyingi zimechanganywa na vitamini D, na vitamini D ikizidi, kalsiamu huanza kuganda kwenye figo na mishipa ya damu. Sindano ya kalsiamu ndiyo kabisa, ikiingizwa vibaya inasimamisha moyo. Dawa yake ya kwanza ni chakula. Mpatie mnyama mzima mdogo, mbichi: kware, vifaranga, sungura, pamoja na mifupa yake, kutoka kwa muuzaji msafi wa chakula cha watu au cha wanyama. Kama anaona tabu kutafuna, kisagwe chote pamoja na mifupa. Mifupa iliyopikwa usimpe hata siku moja, inavunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Ikiwa mnofu ndio pekee unaopatikana leo, unaweza kuchanganywa na unga mtupu wa kalsiamu kaboneti, usio na fosforasi wala vitamini D, lakini kipimo kipangwe na daktari wa wanyama kwa uzito wa nyama na uzito wa mtoto.

Wakati huohuo mzuie kuruka na kukimbia. Najua ni duma, lakini kwa sasa mruko mmoja kutoka kwenye kochi unaweza kuvunja uti wa mgongo. Mweke mahali padogo, penye zulia au mkeka usioteleza, maana marumaru ni mbaya sana kwa miguu iliyolegea. Usimnyanyue kwa kwapa. Mzoeze kuingia mwenyewe kwenye sanduku lake, na ikibidi kumbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine chini ya makalio.

Zipo dalili ambazo ukiziona ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku: kutetemeka au degedege, miguu ya nyuma kukataa kusimama, kupitisha siku mbili bila choo, kupumua kwa taabu, kukataa chakula siku nzima. Kutetemeka kunamaanisha hata ule wizi wa mifupani hautoshi tena, damu yenyewe imeishiwa. Kukosa choo mara nyingi ni nyonga iliyobonyea ikabana njia.

Hata kama hana lolote kati ya hayo, anahitaji eksirei na kupimwa damu wiki hii, na daktari aliyewahi kushughulika na wanyama pori, si yule wa paka wa nyumbani peke yake. Mifupa ikiwahiwa, huanza kukaza ndani ya wiki chache za chakula sahihi, na maumivu hupungua kabla ya hapo. Mguu uliokwisha kupinda sana huenda usinyooke. Nyonga iliyobonyea humletea taabu ya choo maisha yake yote. Na kama uti wa mgongo umebonyea hadi miguu ya nyuma imekufa ganzi, daktari anaweza kushauri alazwe asiamke, na sitamlaumu.

Jambo la kucha. Ukucha wa paka haujabandikwa juu ya ngozi kama wetu, umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. "Kung'oa kucha" maana yake ni kukata kifundo cha mwisho cha kila kidole. Kwa duma kucha hazifichiki ndani kabisa kama za chui. Anazitumia kukamata ardhi anapokimbia na kukata kona. Ukimkata vifundo mtoto ambaye mifupa yake imelegea, unamwongezea kilema juu ya kilema. Na usalama haupatikani, maana paka aliyenyang'anywa kucha anabaki na meno, na hujifunza kuyatumia mapema.

Sasa watoto wa nyumba. Tajiri wako hajakosea kusema duma si simba. Kati ya paka wakubwa yeye ndiye mpole zaidi, hangurumi, ana sauti nyembamba kama ya ndege, na porini humkimbia hata fisi anayemnyang'anya windo. Lakini upole huo ni tabia ya kukwepa ugomvi na viumbe vinavyomzidi. Mtoto wa miaka minne hamzidi. Mtoto anakimbia, anaanguka, anapiga kelele, na hivyo ndivyo swala anavyofanya. Michezo yote ya duma mdogo ni mazoezi ya kuua: kupiga mguu wa nyuma wa mwenzake ili aanguke, kisha kumshika koo. Akiwa na kilo sita inachekesha na inapigwa video. Duma mzima ana kilo 35 hadi 60, na mchezo ni uleule. Mwaka 2007, kwenye bustani ya wanyama ya Olmen huko Ubelgiji, duma walimwua mwanamke mtu mzima aliyeingia kizimbani mwao usiku. Alikuwa akiwapenda, na alikuwa amejitolea kumfadhili mmoja wao. Visa vya namna hiyo ni nadra, lakini sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaofanya kazi na duma hawaruhusu kamwe mtoto na duma kuwa upande mmoja wa ua. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Si kwa uangalizi, si kwa mkufu, si kwa dakika tano za picha. Na kabla hata ya meno kuna choa, fangasi wa ngozi ambao watoto wa paka waliodhoofika huwa nao mara nyingi na huwaambukiza watoto wa watu kwa urahisi. Ukiona mabaka ya duara kwenye mikono ya watoto, wapelekwe hospitali.

Hili la wazee kufuga duma napenda nilijibu kwa heshima, kwa sababu ni kweli. Uarabuni, Uajemi na India duma walitumika kuwindia kwa karne nyingi. Lakini tazama walivyokuwa wakifanya. Walimkamata duma aliyekwisha kukua, aliyefundishwa kuwinda na mama yake, kwa kuwa walijua mtoto aliyelelewa na watu hajui kazi. Alikuwa na watunzaji wake, alitembezwa, alipelekwa uwandani kukimbia na kupewa sehemu ya windo lenye damu na mifupa. Na hata hivyo hawakuweza kumzalisha. Akbar, mfalme wa Mughal aliyetawala India kuanzia 1556 hadi 1605, alikusanya duma mamia kwa mamia, na mwanawe Jahangir aliandika kwamba baba yake alitamani sana wazaliane na haikuwezekana. Ni mara moja tu, wakati wa Jahangir mwenyewe, mwanzoni mwa karne ya 17, duma dume mmoja alichopoka mkufuni, akampanda jike, na watoto watatu wakazaliwa. Tukio hilo lilikuwa la ajabu kiasi cha kuandikwa na mfalme. Baada yake dunia ilisubiri hadi 1956, kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia nchini Marekani. Maana yake ni kwamba kwa karne zote hizo, kila duma aliyekufa barazani mwa wafalme alibadilishwa na mwingine aliyetegwa porini. India ilitangaza mwaka 1952 kuwa duma wake wamekwisha. Uwindaji wa bunduki na kulimwa kwa mbuga vilichangia sana, lakini utegaji ule nao ulikuwa na sehemu yake.

Kwa nini hazaliani kirahisi? Duma jike huishi peke yake, na katika Serengeti jike mmoja huzunguka eneo la takriban kilomita za mraba 800. Madume huishi kwa vikundi vidogo, mara nyingi ndugu wa tumbo moja. Wanakutana kwa muda mfupi, jike anachagua, wanaachana. Ukiwafungia dume na jike pamoja tangu utotoni wanaonana kama ndugu. Imeonekana pia kwamba majike wawili wakifungiwa pamoja wasiopatana, mzunguko wao wa uzazi unaweza kusimama. Vipo vituo vilivyofanikiwa. De Wildt ya Afrika Kusini, iliyoanza 1971, imezalisha mamia, lakini kwa maeneo makubwa, madume wengi wa kuchaguliwa, na kumbukumbu za nasaba ya kila mnyama ili ndugu wasipandane. Hili la nasaba ni zito kwa duma kuliko kwa wanyama wengi, kwa kuwa jamii yao yote tayari ina damu iliyokaribiana mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Oregon, Marekani, virusi vya paka viliingia kwenye hifadhi moja na kuua zaidi ya nusu ya duma wake, huku simba waliokuwa hapohapo wakinusurika. Nyumba yenye paka wa mtaani wanaokatiza uani ni nyumba yenye virusi vya namna hiyo mlangoni. Mtoto huyu anahitaji chanjo, na kwa duma hutumika chanjo isiyo na virusi hai. Mkumbushe daktari hilo.

Na hata duma asiyepata virusi huugua kifungoni. Watafiti waliolinganisha duma wa vizimbani na wale wa porini Namibia walikuta wa vizimbani wana kiwango cha juu cha homoni za wasiwasi, na matumbo, figo na maini yao yana magonjwa ambayo kwa wenzao wa porini ni nadra. Hayo ni vizimbani penye madaktari na wapishi wa kuajiriwa.

"Porini angekufa tu." Hili wanalisema wauzaji, na limejengwa juu ya ukweli nusu. Utafiti uliofanywa kwenye nyanda za wazi za Serengeti ulionyesha takriban mtoto mmoja kati ya 20 ndiye anayefikia kujitegemea, wengi wakiuawa na simba. Kwingine, penye vichaka, wanaopona ni wengi zaidi. Lakini ukilifikiria, hesabu hiyo inamgeukia muuzaji. Kama wanaopona ni wachache hivyo, watoto wa tumbo moja wakichukuliwa wote, pigo linauma zaidi. Inakadiriwa dunia nzima imebaki na duma wa porini wapatao 7,000. Shirika la kuhifadhi duma la CCF, lililoanzishwa Namibia mwaka 1990, limekadiria kwamba watoto kama 300 huchukuliwa kila mwaka kutoka Pembe ya Afrika: Ethiopia, Somalia na Somaliland, hata kaskazini mwa Kenya. Wanavushwa kwa boti hadi Yemen, kisha kwa magari hadi kwa wanunuzi. Wanasafirishwa kwenye makasha na magunia, bila maji, wakiharisha, na wengi wanafia njiani. Huyo uliye naye ni aliyebaki. Pesa zilizomlipia ndizo zitakazomrudisha mtegaji yuleyule kwenye maficho ya watoto wengine.

Hapo ndipo ninapokuja kwako. Hukutaja nchi uliyopo, na sikuulizi. Katika Falme za Kiarabu (Imarati), sheria ya shirikisho namba 22 ya mwaka 2016 inamkataza mtu binafsi kumiliki wanyama hatari, duma akiwamo, na adhabu yake ni faini kubwa na hata kifungo. Saudia nako ni marufuku. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, umemweka duma tangu 1975 kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kile chenye masharti makali zaidi, na hakuna nchi ya Pembe ya Afrika yenye kibali cha kuuza duma wa porini. Karatasi yoyote atakayoonyeshwa tajiri wako na muuzaji, aikague kwa mamlaka ya mazingira, si kwa muuzaji huyohuyo.

Wewe binafsi, usikubali kuwa ndiye unayemsafirisha mtoto huyu kwenye gari lako kwenda kwa mtu mwingine au kuvuka mpaka. Kumpeleka hospitali ni jambo jingine, na hata hapo nenda na mwenye mnyama au na maandishi yake. Usiweke sahihi popote kama mmiliki. Jitoe kwenye video zinazopostiwa. Hifadhi ujumbe wa simu unaoonyesha nani alikuagiza nini. Na akikuomba umtafutie dume kupitia watu wako wa nyumbani, kataa papo hapo. Kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Tanzania ya mwaka 2009, hilo ni kosa la jinai, na anayekamatwa huwa ni mtu wa chini, si mnunuzi. Ukianza kutishwa au kuzuiliwa pasipoti kwa sababu ya mnyama huyu, zungumza na ubalozi wako mapema.

Njia zilizopo za kumsaidia mtoto mwenyewe si nyingi, na hakuna iliyo nzuri kabisa. Kumbakisha hapo kwa chakula bora kutamtibu mifupa, lakini ndani ya mwaka mtakuwa na duma mzima kwenye nyumba ya watoto, na sheria juu yenu. Kumpa rafiki mwenye bustani yake binafsi ni kuhamisha tatizo. Kumrudisha Afrika mkamwachia porini ni kumwua: watoto wa duma hukaa na mama kwa takriban mwaka mmoja na nusu wakijifunza nini cha kuwinda na nani wa kumkimbia, na somo hilo hakulipata. Hata watoto waliookolewa Somaliland kabla ya kuvushwa wako chini ya uangalizi wa CCF, kituo cha Geed-Deeble nje ya Hargeisa, nyuma ya uzio, na wengi wao watazeekea humo. Inabaki kumkabidhi kwa hiari kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi hiyo ili apelekwe kwenye bustani yenye leseni. Ataishi maisha yake yote kizimbani. Lakini atakuwa na udongo chini ya miguu, duma wenzake, na watu wanaojua cha kumlisha. Mimi ningechagua hilo, na ningelifanya mara tu atakapoweza kusafiri bila kuvunjika.

Namna ya kumweleza tajiri bila kuhatarisha kazi: usimpe hotuba, wala usimwambie amevunja sheria. Mwambie, "Tajiri, miguu hii haiponi kwa dawa ya dukani, inataka picha na daktari wa wanyama pori, na tungemuuliza huyohuyo kuhusu watoto." Kisha mwache daktari aseme. Neno la daktari akiwa ameshika picha ya mifupa iliyokonda lina uzito ambao la dereva halitapewa, hata kama ni lilelile. Daktari naye huenda akalazimika kutoa taarifa kwa mamlaka. Tajiri akiuliza, usimfiche, na umwambie pia kwamba anayejitokeza mwenyewe ana la kujitetea kuliko anayekutwa.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi kila alichokula tangu alipofika na kwa kiasi gani, mpime uzito, na mpige video fupi akitembea mwenyewe kutoka mbele na kutoka ubavuni. Hivyo vitamsaidia daktari kuliko maelezo yoyote. Ukipata picha ya eksirei nitumie niitazame. Na kama daktari wa huko atasema tofauti na nilivyosema, mfuate yeye aliyemshika.